Je, Wajua? Muulize Fundi Paa Lake la Zamani

Je, wajua kwamba neno "fundi" lina mzizi mmoja na "funda", "fundisha", "funzo" na "mwanafunzi"? Fundi ni mtu aliyefundwa. Kwa hiyo anapokuja kutazama boma lako pale Kimandolu, Arusha, akashuka kwenye bodaboda na tepu mfukoni, swali la kwanza lisiwe bei. Muulize: fundi, ulifundwa na nani, na paa uliloezeka masika matatu yaliyopita liko mtaa gani?

Je, wajua kwamba hapa Arusha neno "boma" hubeba maana tatu? Boma la Wamaasai ni makazi ya familia na mifugo yao. Boma la Wajerumani ni ngome iliyojengwa mjini mwaka 1900, ambayo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Na boma la mtumishi wa umma, mama wa VICOBA au dereva wa kifodi ni kuta nne zilizosimama bila kofia, wakati mwingine kwa miaka, zikisubiri fedha ya mabati. Hili la tatu ndilo linalonihusu leo. Nimeona watu wakijinyima chakula kizuri ili wapaue, halafu fedha yote ikaishia mikononi mwa mtu waliyemfahamu kwa siku mbili.

Je, wajua kwamba paa jipya ni shahidi dhaifu? Kila bati hung'aa siku linapopigiliwa. Fundi akikuonesha picha kwenye simu, zote zitakuwa za siku ya kukabidhi, mwenye nyumba anatabasamu, mbingu ya buluu. Usitosheke nazo. Panda Mlima Suye asubuhi kabla ya ukungu kushuka, utazame chini: utaona mapaa ya Kimandolu ya kila umri, yaliyofifia rangi, yenye kofia zilizopinda, yenye mawe na tairi juu ili upepo usiyabebe. Yale ndiyo majibu. Mwombe fundi akupeleke kwenye nyumba aliyoipaua zamani, upige hodi, umsalimie mama mwenye nyumba, umuulize mambo mawili tu. Aprili iliyopita mlitega beseni sebuleni? Na mlipomwita fundi arudi, alirudi?

Swali la pili ndilo zito zaidi. Paa lolote linaweza kuvuja mahali pamoja. Fundi mwaminifu hupokea simu mvua ikinyesha.

Je, wajua kwamba geji ikipanda namba, bati linapungua unene? Wengi hudhani geji 32 ni imara kuliko 28 kwa sababu namba ni kubwa. Ni kinyume chake. Kwa kipimo cha zamani cha Waingereza, geji 28 ni milimita 0.38 hivi, geji 30 ni 0.31, na geji 32 ni 0.27.

Lakini usiishie kwenye geji. Viwanda havifuati jedwali moja, na lugha ya geji imekuwa maficho ya wajanja. Uliza milimita. Kisha uliza tena: milimita hizo ni za chuma kitupu au zimehesabiwa pamoja na rangi? Rangi na zinki huongeza unene kidogo, na kwenye bati jembamba hicho kidogo ndicho kinachokuuzia geji 32 kwa bei ya 30.

Je, wajua kwamba mizani ya duka la nafaka inaweza kukuambia ukweli ambao lebo imeuficha? Chuma cha unene wa milimita 0.30 kina uzito wa kilo 2.36 hivi kwa kila mita moja ya mraba. Chukua bati la mita 3 lililokuwa na upana wa mita 1 kabla ya kukunjwa migongo: linatakiwa likaribie kilo 7. Likiwa la milimita 0.25 halitafika kilo 6. Ni zaidi ya kilo nzima ya chuma imepotea katika bati moja. Zidisha kwa mabati 80.

Je, wajua ni nani aliyebuni bati la migongo? Ni mhandisi wa bandari ya London, Henry Robinson Palmer, mwaka 1829. Aligundua kwamba karatasi ya chuma isiyoweza kujibeba ikiwa bapa, ukiikunja mawimbi inasimama yenyewe na kubeba mzigo. Jaribu kwa karatasi ya daftari la mtoto wako, utaona.

Je, wajua kwamba bati la Palmer lilikuwa likila kutu vibaya, mpaka Mfaransa Stanislas Sorel alipopata hati ya ubunifu mwaka 1837 ya kuvika chuma zinki? Uzuri wa zinki ni kwamba hujitoa. Bati likichubuka kidogo, zinki iliyo jirani huliwa kwanza na kukiacha chuma salama. Ikiisha, ndipo kutu nyekundu huanza. Maisha ya bati la zinki kwa sehemu kubwa ni hesabu ya gramu za zinki, si ya chuma.

Na gramu hizo huandikwa. Z100 maana yake ni gramu 100 za zinki kwa mita ya mraba, upande wa juu na wa chini kwa pamoja. Z275 ni gramu 275. AZ ni mchanganyiko wa aluminiamu na zinki, ambao una asilimia 55 ya aluminiamu, zinki 43.4 na silikoni 1.6, na uliingia sokoni Marekani mwaka 1972. Fundi anayejua kazi yake atakueleza tofauti hii bila kubabaika. Asiyeijua anaweza bado kuwa mpigiliaji mzuri, lakini usimwachie achague bati.

Je, wajua kwamba mwaka 1851 mume wa Malkia Victoria aliagiza ukumbi wa dansi wa mabati kwa ajili ya kasri la Balmoral, Scotland, na jengo lile bado lipo? Bati halijawahi kuwa kitu cha maskini peke yao.

Je, wajua kwamba hapa Tanzania kiwanda cha ALAF cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1960, na Mabati Rolling Mills cha Kenya mwaka 1962? Kabla ya hapo bati lilikuwa mzigo wa meli. Kwenye miteremko ya Meru, fedha ya kahawa ndiyo iliyobadilisha mapaa ya majani kuwa ya bati, na hadi leo wazee wa huku hukumbuka ni nani katika kijiji aliyetangulia.

Je, wajua kwamba kuna wanawake waliolifanya bati kuwa chama? Katika miaka ya 1960 na 1970, kina mama wa Kenya ya kati walichanga fedha, wakanunua mabati, wakaezeka nyumba ya mwenzao mmoja, kisha wa pili, hadi zamu ikaisha. Vikundi vyao viliitwa vya mabati kabisa. Walitaka nyumba bora, na walitaka pia maji safi ya mvua karibu na mlango. Mimi hupenda kuwakumbusha hili kina mama wa vikundi vyetu vya Kimandolu kwa sababu moja: kikundi kinachonunua mabati ya nyumba 10 kwa pamoja kinaweza kumleta fundi mmoja, kumpima kwenye nyumba ya kwanza, na kumwondoa kabla hajaigusa ya pili. Mtu mmoja hana nguvu hiyo.

Je, wajua kwamba kwenye bati la migongo midogo msumari hupigwa juu ya mgongo, si kwenye bonde? Maji hutembea bondeni. Tundu likiwa bondeni, umeyatobolea maji njia ya kuingia.

Hili nalijua kwa kuumia. Masika ya kwanza baada ya kupaua kwetu, tulihamisha kitanda cha mtoto mara tatu katika usiku mmoja. Kulipopambazuka nilipanda ngazi, nikakuta safu nzima ya misumari imelala mabondeni, iliyonyooka vizuri kama mahindi shambani. Yule bwana alikuwa na haraka ya kwenda saiti nyingine, nami nilikuwa nimemlipa yote siku aliyomaliza. Sikuwa nimepanda kuangalia hata mara moja. Nilimpigia simu siku nane. Niliposimama pale juu nikiwa nimelowa, nilijikasirikia zaidi kuliko nilivyomkasirikia yeye, maana tundu lile lilionekana kwa mtu yeyote mwenye macho na ngazi.

Je, wajua kwamba penseli inaweza kuotesha kutu kwenye bati lako? Risasi ya penseli kwa kweli ni grafaiti, na grafaiti ikikutana na unyevu juu ya bati lenye aluminiamu na zinki huula mstari uleule uliochorwa. Fundi mzuri huweka alama kwa maka peni au chaki. Ukimwona anatoa penseli sikioni aandike juu ya bati la rangi, mzuie kwa upole, kisha sikiliza atakavyokujibu. Jibu lake litakuambia mengi kuliko penseli yenyewe.

Na grenda je? Cheche zake ni vipande vya chuma vyenye moto. Vinaunguza rangi, vinanasa, na wiki mbili baadaye paa lina madoadoa ya kutu kama ndui. Bati hukatwa kwa mkasi wa bati. Kama grenda haikwepeki, bati likatwe chini, mbali na mengine, na vumbi lake lifagiliwe siku hiyohiyo.

Je, wajua kwamba saruji ni adui wa zinki na aluminiamu? Fundi anayeziba uvujaji kwa kupaka saruji kwenye kofia anakupa miezi michache ya amani. Saruji hupasuka jua likiitanua, na inapokuwa mbichi huila ngozi ya bati.

Je, wajua kwamba mabati yaliyolowa yakirundikwa pamoja huota kutu nyeupe hata kabla hayajapanda juu? Yapokee makavu, yaegeshe kwa mwinamo juu ya vipande vya mbao, yafunike turubai lakini yapate hewa. Ukishusha mzigo kwenye kirikuu jioni ya Novemba ukauacha uwani, umeanza vibaya.

Je, wajua kwamba upepo hauling'oi paa kwa kulisukuma, hulifyonza kwenda juu? Upepo ukipita kasi juu ya mteremko, hewa ya juu hupungua shinikizo na ile ya ndani husukuma bati kutoka chini. Ndiyo maana huanza kunyanyuka kwenye kingo na pembe. Hapo misumari iwe mingi zaidi, na kenchi zifungwe ukutani kwa mikanda ya chuma iliyochimbiwa kwenye lenta, si kwa msumari mmoja wa kuegesha. Kazi hii hufanyika kabla bati la kwanza halijapanda, kwa hiyo ndiyo rahisi kuruka. Nenda saiti siku ya kenchi. Siku ya mabati kila mtu huenda, na majirani nao.

Upepo wetu kwa sehemu kubwa ya mwaka hutoka upande wa mashariki. Mabati yaanze kupangwa upande wa magharibi, yakiendelea kuukabili upepo, ili mdomo wa kila mpandano uupe upepo kisogo. Mpandano wa ubavuni usipungue mgongo mmoja na nusu, na wa juu na chini usipungue sentimita 15. Paa likiwa la mteremko mdogo, uongezwe.

Je, wajua kwamba upana unaonunua si upana unaofunika? Mpandano hula. Fundi anayekupigia hesabu ya mabati kwa kugawa eneo la nyumba kwa upana wa bati atakurudisha dukani, na anayeongeza mabati 15 "ya tahadhari" huenda tayari ameshapata mteja wa hayo 15. Mwombe akuandikie hesabu yake kwenye karatasi, kisha ipeleke kwa fundi wa pili aihakiki. Mlipe huyo wa pili kwa muda wake. Ni fedha ndogo.

Je, wajua maana ya "cha juu"? Bila shaka wajua. Fundi anayekataa kabisa ununue popote isipokuwa hadwea moja aliyoichagua yeye, huenda anathamini ubora wa pale, au huenda ana chake ndani ya bei. Njia ya kujua ni rahisi: nenda hadwea tatu peke yako na orodha ileile, uombe bei kwa maandishi. Na popote utakaponunua, dai risiti ya mashine ya EFD. Mashine hizo zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na sheria humtaka mnunuzi adai risiti kama inavyomtaka muuzaji aitoe. Mabati yakianza kubabuka, risiti hiyo ndiyo mdomo wako.

Je, wajua kwamba Shirika la Viwango Tanzania, TBS, limekuwepo tangu 1975 na lina ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapahapa Arusha? Tafuta alama yake. Tume ya Ushindani nayo hushughulikia bidhaa bandia. Bati lisilo na jina la kiwanda, unene wala aina ya mipako vilivyochapwa mahali popote juu yake, mimi silinunui hata likishushwa bei nusu.

Jaribio jingine la bure: omba kipande cha bati la rangi, likunje kabisa kwa koleo hadi lijikunje mara mbili. Rangi iliyochomwa kiwandani hukunjika na bati. Iliyopuliziwa uani kwa mtu hupasuka na kumenyuka kama ganda la yai.

Je, wajua kwamba mbao ya kijani si lazima iwe na dawa? Dawa ya kweli huingizwa kwa shinikizo ndani ya mtungi, na hupenya. Iliyochovywa kwenye maji ya rangi hubaki juu juu. Kata mbao katikati, si kwenye ncha, uangalie umbali ambao ukijani umeingia. Msonobari mchanga hupokea dawa vizuri. Ukiona ukijani umeishia unene wa ukucha, rudisha mzigo.

Na hili naomba ulishike. Dawa hiyo, iliyobuniwa India mwaka 1933 na Sonti Kamesan, kwa kawaida ina shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu. Vipande vya mbao vinavyobaki visiwe kuni. Visichome nyama, visichemshe maji ya mtoto, majivu yake yasiende kwenye bustani ya mboga. Nimeshaona saidia fundi wakiivishia ugali kwa vipande hivyo, na hakuna aliyekuwa amewaambia.

Je, wajua kwamba paa la mgongo wa tembo, lile la miteremko miwili tu, ndilo lenye mahali pachache pa kuvuja? Kila pembe inayoongezwa kwa ajili ya urembo huzaa bonde pale miteremko miwili inapokutana, na bonde hukusanya maji ya pande mbili kwenye mfereji mmoja. Ukitaka paa la msauzi lenye vilele vitano, vizuri, nyumba ni yako. Basi mchague fundi kwa mabonde. Muulize atalaza bati la mfereji kwa upana gani na mabati ya pembeni yataingia kiasi gani.

Je, wajua kwamba paa la kuficha, hizi kontemporari zinazoota kila mtaa, linahitaji fundi bora kuliko paa la kawaida? Watu wameambiwa ni nafuu kwa sababu mbao ni chache. Ni kweli mbao ni chache. Lakini mteremko ni mdogo, maji huenda polepole, na mfereji umefungiwa ndani ya ukuta. Jani moja la mgrevilea likiziba tundu, maji hayana pa kwenda ila ndani ya nyumba. Kimandolu ina miti mingi, namshukuru Mungu, na miti hudondosha majani. Mwenye paa la kuficha apande kusafisha kabla ya kila msimu, na fundi amwachie njia ya kupandia. Fundi ambaye hajakuambia lolote kuhusu usafi huo amekuuzia picha.

Je, wajua kwamba milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili? Nyumba inayofunika mita 10 kwa 12, mvua ya milimita 20 huishushia lita 2,400. Toa kinachopotea, bado simtanki la lita 1,000 litajaa na kumwagika.

Hapa kwetu jambo hili ni la afya. Miamba ya volkano ya Meru hutia floridi kwenye chemchemi na visima, na sehemu nyingine hupita mbali kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita. Meno ya kahawia ya watoto wa huku hayatokani na kutopiga mswaki, na floridi ikizidi kwa miaka hupinda hata mifupa. Kule Maji ya Chai tatizo hilo ni la siku nyingi. Maji ya mvua hayajapita kwenye mwamba, kwa hiyo karibu hayana floridi. Paa safi, gata lililoinama vizuri na mvua ya kwanza ikimwagwa, umempa mtoto maji ya kunywa yasiyomdhuru meno, yachemshwe tu. Basi fundi anayekuambia gata "tutaliweka baadaye" hajui anachokunyima. Mwambie alihesabu tangu mwanzo, na asitumie misumari wala vizibo vyenye risasi.

Je, wajua kwamba bati hutoka jasho? Usiku wa Juni na Julai, mbingu ikiwa wazi, bati hupoa kuliko hewa iliyo chini yake, na unyevu wa pumzi zetu na wa jikoni hugeuka matone upande wa ndani. Asubuhi dari ina madoa na mvua haijanyesha. Kabla hujamlaumu fundi, tazama: kama kumelowa bila mvua na saa nne asubuhi kumekauka, hilo ni jasho. Dawa yake ni matundu ya hewa kwenye kingo za paa. Fundi mwadilifu atakueleza hivyo. Mwingine atakuuzia tyubu tatu za silikoni.

Bati huvuta radi? Hapana. Radi hufuata kimo na umbo, si chuma.

Je, wajua kwamba paa la zamani la asbesto halivunjwi kwa nyundo? Shirika la Afya Duniani husema aina zote za asbesto husababisha saratani, na hatari iko kwenye vumbi. Fundi akikuambia atalishusha mchana mmoja na kulitupa korongoni, usimruhusu, kwa ajili ya mapafu yake mwenyewe na ya watoto wa jirani.

Je, wajua kwamba Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1997, na makandarasi wa majengo hupangwa kuanzia daraja la 1, lililo juu, hadi la 7? Kama anayekuja anajiita kampuni, mwombe namba ya usajili uihakiki kwao. Ukweli ni kwamba wengi wanaopaua nyumba zetu si kampuni. Ni fundi mmoja na vijana wake. Hao nao VETA huwapima ujuzi walioupata mitaani na kuwapa cheti bila kukaa darasani miaka. Mwenye cheti hicho amekubali kupimwa, nami humhesabia jambo hilo kwa heshima.

Je, wajua kwamba sheria yetu ya mikataba hutambua hata makubaliano ya mdomo? Shida ni kuyathibitisha. Andikeni ukurasa mmoja wa Kiswahili: idadi ya mabati, milimita, kiwanda, rangi; umbali wa papi hadi papi; aina ya misumari; siku ya kuanza na kumaliza; vipande vinavyobaki ni vya nani; bati likiharibika kwa mkono wa fundi nani analipa. Saini, mashahidi wawili, nakala mbili. Mahakama ya Mwanzo huendesha kesi zake kwa Kiswahili na itausoma ukurasa huo bila mkalimani.

Na malipo yaende na kazi: kiasi kenchi zikisimama na kufungwa, kiasi mabati yakiisha, kiasi kofia na gata zikikamilika. Makandarasi wakubwa wa serikali hubakishiwa fedha hadi kipindi cha matazamio kiishe. Nawe bakisha. Iandikwe tangu mwanzo kwamba kiasi fulani kitalipwa baada ya mvua kubwa ya kwanza. Fundi anayeiamini kazi yake hukubali. Nawe ukikubaliana hivyo, mvua ikinyesha na pakavu, mpelekee fedha yake siku hiyohiyo, usimzungushe. Mafundi wetu wengi wameumizwa na wenye nyumba kuliko tunavyokiri.

Je, wajua kwamba kijana anayepokea mabati pale juu mara nyingi hana kamba? Saidia fundi huyo analipwa kwa siku, na akianguka leo, kesho hakuna siku. Muulize fundi kuhusu kamba, viatu na ngazi imara kabla hujauliza bei. Anayewatunza vijana wake mahali usipomwona, atalitunza na paa lako mahali usipoliona.

Je, wajua wakati mzuri wa kupaua huku? Januari na Februari, au Julai hadi Septemba. Ukisubiri Machi, mafundi wazuri wamekwisha kushikwa na utampata aliyebaki.

Na kabla ya malipo ya mwisho, chagua siku ya jua kali, saa sita mchana. Ingieni nyote wawili, wewe na fundi, kabla dari haijapigwa. Fungeni milango na madirisha yote, zibeni mianga kwa magunia, msimame gizani dakika tano mpaka macho yazoee, kisha mtazame juu. Kila nukta ya mwanga mtakayoiona ni tundu. Zihesabuni pamoja, kwa sauti, na mpe chaki azungushie kila moja.